Chai ya asubuhi chumbani na bakshishi melini: nimpe nani, kiasi gani?

Swali: Mwanangu, binti yetu aliyeko Houston ametulipia mimi na mzee safari ya meli ya usiku saba, kampuni ya Royal Caribbean, kutoka bandari ya Galveston. Meli yenyewe ni Harmony of the Seas. Mzee ana kisukari, anadunga insulini, na amezoea kula mara tu baada ya sala ya alfajiri. Hawezi kungoja mkahawa ufunguliwe. Tukiagiza chakula chumbani tutalipishwa? Na hii habari ya bakshishi inanikosesha usingizi. Nimeambiwa humo kila mtu anangoja apewe. Mzee asema hiyo ni hongo tu yenye jina zuri. Nimpe nani, na kiasi gani, nisiaibike wala nisiibiwe?
Mwalimu mstaafu, Tudor, Mombasa

Jibu: Shikamoo mama, na mzee mfikishie salamu zangu. Kazi yangu melini ilikuwa hiyo hiyo unayoiuliza, kupokea oda na kupeleka trei vyumbani, kabla sijarudi Mombasa kufundisha vijana wa hoteli. Nitakujibu kwa kirefu, maana swali lako lina mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na pesa hupotea hapo penye mchanganyiko.

Kabla hujahesabu hata senti, mpigie binti umuulize kama alilipa bakshishi pamoja na tiketi. Kampuni za Kimarekani huruhusu kuzilipa kabla ya safari, na watoto walio ng'ambo wakiwalipia wazazi mara nyingi hufanya hivyo ili wazee wasisumbuke. Ikiwa kalipa, nusu ya wasiwasi wako imekwisha leo. Ikiwa hajalipa, meli itawatoza yenyewe siku hadi siku, kwenye akaunti ya chumba chenu. Mwaka 2025 Royal Caribbean ilikuwa ikitoza dola 18.50 kwa kila mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida, na dola 21 katika vyumba vya kifahari. Wenzao wa Norwegian walikuwa kwenye dola 20. Nyinyi ni wawili kwa usiku saba, kwa hivyo kwa chumba cha kawaida cha Royal Caribbean ni dola 259. Ukipiga kwa shilingi 129 kwa dola, ni kama shilingi 33,400 za Kenya. Najua hesabu hiyo inauma ukiisoma ukiwa Tudor. Ndiyo maana nasema ijulikane mapema, na ikiwezekana ilipwe na yule yule aliyekata tiketi, isije ikawashtua usiku wa mwisho.

Pesa hizo haziingii mfukoni mwa mtu mmoja. Hugawanywa kati ya anayetandika kitanda chenu, wanaowahudumia mezani kwenye mkahawa mkuu, na wengine ambao hamtawaona kabisa, wa dobi na wa nyuma ya jikoni. Yule anayebisha hodi na trei saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara nyingi fungu lake haliko humo, au ni dogo. Lishike hilo, maana ndilo ufunguo wa yote nitakayokwambia mbele.

Sasa mzee na hongo yake. Namheshimu, lakini hapa sikubaliani naye. Hongo humpa mtu kitu kisichokuwa haki yake, au humrukisha foleni. Huku hakuna foleni ya kuruka. Ukilipa usilipe, kitanda kitatandikwa. Kinachofanyika ni kwamba sehemu ya ujira wa wafanyakazi imetolewa kwenye bei ya tiketi na kuwekwa pembeni, ili tiketi ionekane rahisi kwenye tangazo. Meli hiyo ingawa inaondoka Marekani imesajiliwa Bahamas, bendera yake ni ya huko, na sheria ya kima cha chini cha mshahara cha Marekani haimfikii kijana wa Goa au wa Manila anayefagia chumba chako. Anafanya kazi siku saba kwa wiki, mkataba wa miezi sita hadi tisa, bila siku ya mapumziko. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao ulianza kutumika 2013 na Kenya ikauridhia 2014, unaweka mpaka wa saa 14 za kazi katika saa 24, na saa 72 katika siku saba. Kwa kipimo cha nchi kavu hizo bado ni saa nyingi. Mzee anajua kuliko mimi habari ya ujira na jasho, basi aichukulie hivyo: huu ni ujira, umecheleweshwa tu kufika kwenye bili.

Na kama anataka ushahidi kuwa ni bei iliyovaa nguo nyingine, P&O Cruises ya Uingereza iliondoa bakshishi ya kila siku mwaka 2019 na kuiingiza ndani ya nauli. Marella nao nauli yao ina bakshishi ndani. Kampuni za wenye nacho kama Regent na Seabourn husema wazi kwamba haitakiwi. Kazi ni ile ile, trei ni zile zile. Kwa hivyo usione haya kuuliza "imo ndani au haimo?" kama unavyouliza hoteli ya Nyali kama bei ni pamoja na kodi.

Utasikia pia watu wakikufundisha kwenda kaunta ya wageni ukaiondoe hiyo tozo ya kila siku, "kisha uwape mwenyewe mkononi." Inawezekana kuiondoa, sitakuficha. Lakini wa dobi hutamwona umpe, na katika baadhi ya kampuni mhudumu akipewa taslimu na mgeni aliyeiondoa tozo hutakiwa aiwasilishe kwenye fungu lile lile la pamoja. Maoni yangu ni kwamba tozo ya siku iacheni ilivyo, muihesabu kuwa ni nauli, msiitazame tena. Fikra zenu ziweke kwenye zile dola mojamoja.

Twende chumbani. Kwenye meli za Royal Caribbean chakula cha kuletewa chumbani ni cha aina mbili. Kuna kiamshakinywa chepesi, ambacho ni bure: mikate na keki ndogo ndogo, nafaka za boksi, maziwa, mtindi, matunda, juisi, chai na kahawa. Halafu kuna vingine vyote: mayai na vitu vya moto vya asubuhi, na menyu ya mchana na usiku, supu, saladi, baga, kuku. Hivyo hutozwa dola 7.95 kwa kila oda, na juu yake asilimia 18 ya bakshishi, jumla dola 9.38, yaani kama shilingi 1,210. Soma vizuri hapo: ni kwa oda, si kwa sahani. Ukiagiza supu moja ni dola 9.38, na ukiagiza supu, kuku, saladi na keki za watu wawili kwa simu moja, ni dola 9.38 vilevile. Wasiojua hupiga simu mara tatu usiku mmoja. Mkiamua kulipa, agizeni kwa mkupuo.

Kumbuka pia kwamba vyakula hivyo hivyo, na bora kuliko hivyo, viko bure juu kwenye bafe ya Windjammer na kwenye mkahawa mkuu. Mkahawa mdogo wa Café Promenade nao huwa wazi mpaka usiku mkubwa na mna vitafunio visivyolipiwa. Kuletewa chumbani melini ni raha, si lazima. Ila kwa mzee wako, asubuhi, karibu ni lazima, kwa hivyo tuitengeneze sawasawa.

Usiku mtakuta chumbani kadi ndefu ya karatasi yenye tundu la kuning'iniza kwenye kitasa cha mlango. Imeandikwa kwa Kiingereza, orodha ya vyakula na visanduku. Watu huweka alama ya vema tu, kisha hushangaa wameletewa mtindi mmoja na wako wawili. Andika tarakimu: mtindi 2, maziwa 2, chai 1, kahawa 1. Juu andika namba ya chumba na idadi ya watu, chini tia sahihi. Sehemu ya saa ina zamu za nusu saa, na zamu ya kwanza mara nyingi iko baina ya saa kumi na mbili na saa moja yetu ya asubuhi. Huko utaona imeandikwa 6:30 mpaka 7:00. Nimepokea kadi za watu wa kwetu walioandika pembeni kwa kalamu "12:30", na jikoni wakasoma saa sita na nusu za mchana. Andika 6:30. Kisha itundike nje ya mlango kabla hamjalala. Usiku wa manane hupita kijana akizikusanya, na isiyokuwa mlangoni wakati huo haihesabiwi. Wala usiweke alama kwenye kitu cha moto ikiwa hutaki kulipa. Yai moja kwenye kadi laweza kuigeuza oda nzima iwe ya kulipia.

Hapa ndipo mzee anapohitaji uangalifu zaidi. Kiamshakinywa cha bure karibu chote ni wanga na sukari: keki, mikate mitamu, juisi. Mchagulie maziwa, mtindi usiotiwa ladha kama upo, nafaka isiyo na sukari, tunda zima badala ya juisi. Akitaka mayai chumbani, lipeni ile 9.38 kwa siku mtakazochagua, au asubuhi ale chepesi cha kushikilia mwili, halafu mpande pamoja Windjammer ikifunguliwa. Kama safari yenu ni ya kiangazi cha Marekani, Juni hadi Agosti, alfajiri huingia mapema kuliko zamu ya kwanza ya trei. Basi usiku chukueni kwenye bafe tufaha, kipande cha mkate wa ngano nzima na jibini iliyofungwa. Kubeba sahani hadi chumbani hakukatazwi, wageni wanafanya kila siku.

Na neno moja nalisema kwa sauti: asidunge insulini kabla trei haijaingia chumbani na kuwekwa mezani. Meli hiyo ina urefu wa mita 362, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira. Trei ya mzee inatoka jikoni kwenye rafu moja pamoja na trei nyingine kumi, inapita kwenye ule ujia mrefu wa wafanyakazi ambao mabaharia huuita I-95 kwa jina la barabara kuu ya Marekani, inangoja lifti ambayo na wa taulo anaingoja. Kijana huyo akichelewa dakika ishirini si kwa uvivu. Kuchelewa hivyo ni karaha kwa mtu mzima wa afya, kwa aliyekwisha kudunga ni hatari. Mpangilio wenyewe wa dawa na chakula auulizie kwa daktari wake kabla ya safari, mimi najua trei tu.

Upande wa dawa pia kuna hili: jokofu dogo la chumbani huwa linapoza vinywaji tu, halitegemeki kwa insulini. Binti aandikie kampuni mapema kuomba jokofu la dawa na kile kikopo cha kutupia sindano. Vyote hutolewa kwa ombi. Insulini yenyewe ikae kwenye mkoba wa mkononi, maana begi mtakalompa mchukuzi bandarini laweza kufika mlangoni kwenu jioni. Mchukuzi huyo wa Galveston, kwa kuwa tumemtaja, si mfanyakazi wa meli na hayumo kwenye tozo yoyote. Dola 1 au 2 kwa begi zinamtosha.

Halali hujaiuliza, lakini najua mtaiuliza mkifika. Binti aandike ombi wiki nyingi kabla na apate jibu la maandishi, msitegemee maneno ya wakala. Kwenye menyu ya chumbani tahadharini na sandwichi za ghorofa, zile ziitwazo "club sandwich", ndani yake mara nyingi mna nguruwe hata kama jina linasema kuku. Soseji za asubuhi vilevile. Samaki, mayai, jibini, mboga na vyakula vya wasiokula nyama havikosekani. Na kibla: sisi hapa Mombasa tunaelekea kaskazini, maana Makka iko karibu sawa juu yetu. Huko Ghuba ya Mexico ni kaskazini mashariki, na meli inageuka. Runinga ya chumbani ina chaneli inayoonyesha ramani na mwelekeo wa meli, itazameni kabla ya kutandika mswala. Simu ziwe zimezimwa mtandao wa kawaida, kwa sababu ya gharama, na pia kwa sababu zikinasa mnara wa nchi kavu zinaweza kubadilisha saa zenyewe. Trei inafuata saa ya meli.

Sasa hodi imebishwa. Aliyeleta kwa kawaida huingia na kuiweka trei mezani mwenyewe, na mara nyingine hutangulia dakika kumi au kumi na tano kabla ya saa mliyoandika. Uwe na buibui au kanga ya kujitanda karibu na mlango. Kama hupendi mwanamume aingie, mzee aende kufungua na aipokee mlangoni. Hakuna atakayechukia.

Ndipo linakuja swali lako la mkono. Kanuni niliyowafundisha vijana wangu waielewe kutoka upande wa pili ni hii: mkono hutoa pale ambapo bili haikutoa. Kiamshakinywa cha bure hakina asilimia 18, basi mpe kijana dola 2 kwa trei ya watu wawili, au 3 ikiwa nzito. Kwa usiku saba ni dola 14 mpaka 21, basi. Oda ya kulipia tayari ina asilimia 18 ndani ya ile 9.38, na hapo hudaiwi kitu. Ukipenda kumwongezea dola moja usiku wa manane ni hisani yako. Usijiangalie kama mchoyo usipoongeza. Kijana anajua kilichomo kwenye bili.

Hesabu ya vinywaji na mikahawa ya kulipia ni ile ile: asilimia 18 inaongezwa yenyewe, juisi ya dola 10 inakuwa dola 11.80. Lakini hapo kuna mtego, na huu ndio wizi pekee nitakaokuonya, ingawa kisheria si wizi. Utaletewa karatasi ndogo ya kutia sahihi. Mstari wa kwanza bei, wa pili bakshishi iliyokwisha kuongezwa kwa herufi ndogo, kisha pana mstari mtupu wa bakshishi ya ziada, halafu jumla. Mgeni, na kalamu ameshikishwa, huona mstari mtupu akadhani lazima aujaze. Anaandika dola 2 au 3, na amelipa mara mbili. Wewe ni mwalimu, umesahihisha mitihani maisha yako yote. Isome karatasi kutoka juu hadi chini, vuta mstari kwenye nafasi tupu, andika jumla mwenyewe, tia sahihi. Karatasi hiyo hiyo, ikija na trei ya bure, yaweza kukufaa: kama huna noti ndogo siku hiyo, andika dola 2 kwenye mstari mtupu, zitaingia kwenye akaunti na kumfikia.

Anayetunza chumba chenu, stiwadi, yumo kwenye tozo ya siku. Huyo ana vyumba kumi na tano, ishirini au zaidi, na anavipitia kila siku. Kwa kuwa nyinyi mtakuwa na jokofu la dawa na kikopo cha sindano na mswala usioguswa, atawafanyia zaidi ya kawaida. Kwa maoni yangu dola 20 za ziada ni heshima nzuri, 30 ni ukarimu. Wako wanaotoa siku ya kwanza ili wahudumiwe vizuri. Mimi sipendi, hapo ndipo mzee angekuwa na haki ya kuita hongo. Mpe siku moja kabla ya kushuka, jioni, mkononi. Asubuhi ya mwisho usimtafute: anavua mashuka vyumba vyote kwa mpigo, na nyinyi mtakuwa mnatakiwa mtoke.

Wahudumu wa mezani wamo kwenye tozo. Ikiwa mmoja amemshughulikia mzee hasa, amekwenda jikoni kumuulizia sukari kwenye mchuzi, dola 10 mwishoni si nyingi. Kapteni na maofisa hawapewi kitu, ni kuwavunjia heshima. Daktari na muuguzi wa meli vilevile. Kiongozi wa matembezi bandarini, akiwa mzuri, dola 3 hadi 5 kwa kila mmoja wenu kwa nusu siku.

Kitu kingine ambacho wageni hawakijui ni karatasi ya maoni, au ile fomu inayotumwa kwa barua pepe baada ya safari. Jina la mfanyakazi likiandikwa humo kwa wema hufika kwa mkubwa wake na husaidia anapotaka kupandishwa cheo au mkataba mwingine. Likariri jina kwenye kibandiko cha kifuani, uliandike herufi kwa herufi. Haigharimu kitu, na haichukui nafasi ya dola 2.

Noti zenyewe zitafute hapa kabla hamjapanda ndege. Maduka ya kubadilishia pesa mjini hupenda kukupa noti za mia, na wakinunua ndogo kutoka kwako wanakupunja. Lakini zipo, uliza mapema, taka noti 30 za dola moja na chache za tano na kumi, safi, zisizochanika. Mkikosa, kaunta ya wageni melini itawachenjia. Shilingi za Kenya usimpe mtu humo, hata ukiona ni nyingi. Mfilipino atazipeleka wapi? Hata mkimkuta kijana wa Changamwe, na uwezekano wa kukutana na Mkenya melini siku hizi upo, mpeni dola kama wenzake, na mazungumzo ya Kiswahili iwe nyongeza. Kanga na paketi ya majani ya chai ya Kericho ni zawadi ya kupendeza kwa stiwadi, mradi iambatane na noti. Kanga hailipi karo.

Kwa kuwa nimetaja vijana wetu, nigeuke kidogo niseme na wazazi wengine watakaosoma. Akija mtu mtaani akamtaka mwanao laki moja "ya kumtafutia kazi melini," mfungie mlango. Mkataba ule ule wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa ajira. Gharama zake ni za vitu kama pasipoti, cheti cha afya na kitambulisho cha ubaharia, si za kumlipa mtu kwa nafasi.

Turudi kwenu, imebaki akaunti. Melini hakuna kulipa taslimu: mtapewa kadi iitwayo SeaPass, hiyo ndiyo ufunguo na ndiyo pochi, na kila kitu kinaandikwa humo. Mwishowe inakatwa kwenye kadi ya benki mliyoiandikisha mwanzoni. Msiandikishe kadi ya benki yenu ya Kenya inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti. Meli huzuia kiasi cha dhamana, na kuachiliwa kwake kwaweza kuchukua siku nyingi mkiwa mmesharudi Tudor mnahitaji pesa zenu. Aandikishe binti kadi yake, au muweke dhamana ya taslimu. Na mwambie aangalie isirudiwe kitu: kama alilipa bakshishi kabla, tozo ya siku haitakiwi kuonekana kwenye akaunti hata mara moja. Itazameni siku ya pili kwenye runinga, si ya saba.

Usiku wa mwisho ipitie akaunti yote mstari kwa mstari. Ikiwa kuna oda ya chumbani ambayo hamkuagiza, au asilimia iliyowekwa mara mbili, shukeni kaunta ya wageni usiku huo huo. Asubuhi foleni yake hufika kwenye ngazi, na mwenye haraka ya ndege hulipa tu akaenda zake. Ndizi na matufaha yaliyobaki chumbani yaacheni humo, msiyatie mkobani: forodha ya Marekani haina mzaha na matunda, na faini yake yaweza kuzidi bakshishi zote nilizokutajia hapa.